Vitambaa Vyekundu vya Tanga

Motaboti ililetwa na lori, imefunikwa turubai na kufungwa kamba pande zote, na mimi kitu kinachokuja kimefunikwa huwa sikiamini. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa kibanda changu cha kushonea, uzi mdomoni, nikiwatazama vibarua wakiishusha karibu na gati. Dereva alisema ametoka nayo Nairobi, ameteremka nayo mpaka Mai Mahiu kwa gia ya kwanza, na vumbi lote lililokuwa usoni mwake lilikuwa kwa ajili ya kitu hicho. Turubai ilipovuliwa ikatokea boti nyeupe, pua imechongoka, na nyuma yake injini imeinamia maji. Nikamtazama mume wangu. Yeye hakuiangalia boti. Alikuwa ametega sikio, utadhani anangoja boti iseme neno kwanza.

Nilikiona kitendo hicho na nikakiweka moyoni. Mimi ni mtu wa kuweka mambo moyoni na kuyageuzageuza. Watu husema nina roho ya kushuku, na sijawahi kuwabishia.

Tulikuwa Naivasha, kwenye shamba la mzungu mmoja lililoteremka kupitia migunga ya manjano mpaka ukingoni mwa ziwa. Kwetu si huko. Kwetu ni upande wa ziwa kubwa la magharibi, na mume wangu alikulia ndani ya mitumbwi ya tanga akiwavulia samaki baba zake. Bwana wa shamba alimkuta kwenye gati la Kisumu akifunga kamba za boti za wazungu, akapenda mikono yake, akamchukua. Mimi nilikuja nyuma na cherehani yangu kichwani. Boti ya Bwana ilihitaji watu wawili, mmoja wa usukani na mmoja wa kamba, na ilihitaji pia mtu wa kushona, maana upepo wa Naivasha hulala asubuhi yote halafu mchana ukaamka na hasira, ukapasua kila kitu. Kwa hiyo tanga lilitulisha sote wawili. Yeye alilivuta na mimi nikalitia viraka.

Miaka hiyo ya hamsini ilikuwa ya hali ya hatari, na kushuku hakukuwa tabia yangu peke yangu. Kila mtu alimchungulia mwenzake. Ilisemekana kuna watu wa msituni wanaojificha ndani ya mafunjo, yale matete marefu yaliyozunguka ziwa, na kwamba kuna wanaowapelekea chakula kwa maji. Boti zote zilifungwa minyororo jioni. Makasia na matanga yalifungiwa kibandani kwangu na ufunguo ukawa kwa nyapara.

Huyo nyapara nilikuwa nikimwogopa na kumchukia kwa pamoja. Alivaa kaptura iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, na viatu vyenye vyuma chini ambavyo ungevisikia gatini kabla hajatokea. Alikuwa na mazoea ya kukuuliza swali ambalo jibu lake analo tayari, kisha akakutazama mdomo.

Siku hiyo ya lori, Bwana aliiga kwa mikono jinsi injini inavyovutwa kamba ikawaka, akamgeukia mume wangu. Alikuwa na Kiswahili chake cha shambani, kisichojali kitu.

"Mimi nakwisha zeeka," akasema. "Mgongo yangu hapana taka tanga tena. Hii hapana kuinama, hapana kuvuta kamba. Wewe nakaa hapa, nashika hii, nakwenda. Mimi nakaa kule, navua samaki. Wewe pia nazeeka. Goti yako mimi naona."

Hapo alisema kweli. Magoti ya mume wangu yalikuwa yakilia kila akiinama chini ya boriti ya tanga. Asubuhi nilimkanda kwa mafuta kabla hajasimama. Mtu wa namna hiyo, ukimpa kiti chenye mto na chombo kinachojiendesha, angeshukuru.

"Bwana," akajibu, "tanga ni bora."

Siku zile hukumwambia mzungu kwamba chake si bora. Bwana alicheka kidogo, akafikiri ni woga wa kitu kipya. Akasema atampa muda wa kuzoea, halafu itabidi achague. Akitaka atakuwa dereva wa motaboti. Asipotaka, boti ya tanga itauzwa na kazi yake itakuwa imekwisha. Nyapara hakucheka. Aliniambia baadaye, akiwa amesimama mlangoni pangu akizungusha ufunguo kidoleni, "Mama, mtu ako na magoti mbovu, anapewa kiti, anakataa. Boti ya tanga haina kelele. Injini utasikia mpaka ng'ambo. Sasa niambie, nani anataka boti haina kelele siku hizi?"

Nilimwambia kwamba mume wangu ni mtu wa zamani, hapendi harufu ya petroli. Lakini swali hilo nilikuwa nimeshajiuliza mwenyewe.

Nina sababu zangu, na nitazieleza ili nisionekane mwanamke mwenye wivu wa bure. Kwenye boti za tanga, watu hufunga vipande vidogo vya sufu au kitambaa kwenye kamba na kwenye tanga lenyewe, vipepee, ili mshika usukani aone upepo unatoka wapi. Vyetu vilikuwa vya sufu ya kijivu, na kwa miaka mingi havikumsumbua. Halafu mwaka ule akanijia akitaka nivibadilishe. Alitaka vyekundu. Nikamshonea vyekundu. Baada ya muda akasema vimekuwa vyembamba, nimshonee vipana. Nikamshonea vipana. Akataka virefu zaidi. Kufikia siku ya motaboti, tanga lilikuwa na mikia mirefu myekundu inayoonekana mpaka kilimani, na mimi nikawa najiuliza inamwonyesha nani.

Halafu mambo ya kamba. Aliniomba nizizungushie uzi mnene, kila kamba kwa namna yake. Nyingine kivimbe kimoja, nyingine vivimbe viwili karibu karibu, nyingine mbali mbali. Nilimwuliza za nini. Akasema ni urembo. Mume wangu, ambaye hajawahi kutambua kama nimesuka nywele au nimenyoa, sasa anataka urembo wa kamba!

Na zaidi ya hayo, alikuwa na safari za asubuhi. Alimwomba Bwana ruhusa ya kuitoa boti peke yake kabla upepo haujaamka, eti kukausha tanga. Nilimwona kutoka kibandani akienda polepole sana, akiambaa ukingo wa mafunjo karibu kuyagusa, akisimama, akienda tena. Hakuna mtu aliyekwenda karibu na mafunjo miaka ile akiwa na akili zake. Nikaanza kumfungia ugali mwingi na samaki mzima, nione kama kitarudi chochote. Sahani ilirudi tupu kila siku. Nikakaa na hiyo sahani tupu mapajani, nikiogopa. Kama alikuwa akiwalisha watu, sikuwa na neno baya la kuwasemea watu hao, maana hata sisi tulijua ardhi ile ilikuwa ya nani. Nilichoogopa ni kuamka nikaambiwa amechukuliwa na kupelekwa kambini, mahali ambapo watu waliingia na hatukusikia tena habari zao. Nilikasirika pia. Kama ana siri ya kufa nayo, kwa nini nisiwemo?

Jioni moja nyapara alikuja kibandani na viatu vyake, akalishika tanga lililokunjwa, akavuta mkia mmoja mwekundu.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kuonyesha upepo."

"Upepo inahitaji nyekundu?" Akautazama mdomo wangu. "Kitambaa nyekundu inaita watu, Mama. Mimi sijasema kitu bado. Kesho kutwa Bwana anataka mzee yako aendeshe injini, mbele yangu. Akikataa tena, nitaenda kuongea na polisi. Hii nyekundu nitawaambia pia."

Akaondoka. Sikungoja. Asubuhi iliyofuata, nyapara alipofungua kibanda na kabla mume wangu hajaja kuchukua tanga, nilifumua vile vitambaa vyote vyekundu, nikavitia mfukoni mwa gauni, na mahali pake nikashona vingine vya amerikani nyeupe, upana ule ule na urefu ule ule. Vyeupe juu ya tanga jeupe, havimwiti mtu yeyote.

Sikumwambia. Nilifanya makusudi, na hadi leo naona nilifanya vyema. Nilijisemea: huu ndio mtihani wake. Kama vile vyekundu ni ishara, atakapoona vyeupe atageuka rangi, atanigombeza, atavitaka virudishwe leo leo, na nitajua. Kama ni vya upepo tu, atanung'unika kidogo kama wanaume wanavyonung'unika ukihamisha kitu chao, na nitajua pia. Nikakaa mlangoni nikamtazama akilipandisha tanga. Hakusema neno. Bwana akapanda, akaketi kwa taabu akishika kiuno, mume wangu akachukua usukani kama alivyokuwa akifanya tangu mgongo wa Bwana uharibike. Wakaenda.

Mchana upepo uliamka vibaya. Maji yakawa meusi kwa mabaka, mawimbi yakapiga gati, nami nikashindwa kushona. Niliiona ile boti ikilala upande, ikiinuka, ikigeuka pale inapotakiwa kugeuka. Alikuwa akiiendesha vizuri kuliko siku nyingi. Waliporudi Bwana alikuwa amelowa na anacheka, akampiga mume wangu begani akaenda zake nyumbani. Mume wangu akaja na tanga begani, akalitua miguuni pangu.

"Leo umenisaidia sana, Mama," akasema. "Vile vitambaa vyako vyekundu. Upepo ulikuwa unageuka kila mara, bila vile vyekundu tungepinduka."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, na mfukoni kulikuwa na vile vyekundu vyote.

Nilikuwa nimejitayarishia majibu mawili tu, na hili halikuwa mojawapo. Nililitazama tanga pale chini, na mikia yake myeupe imelowa maji, halafu nikamtazama yeye usoni, kwa karibu, jinsi mtu asivyomtazama tena mwenzake baada ya kuzaa naye na kuzoeana. Katikati ya macho yake mlikuwa na weupe mwembamba, mithili ya maziwa yaliyomwagiwa maji. Sijui ulikuwapo tangu lini. Mimi niliyekuwa nikimchungulia kila hatua, sikuwa nimemchungulia macho.

"Baba," nikasema, "ni vyeupe."

"Nini?"

"Vitambaa. Nilivibadilisha asubuhi. Vyekundu ninavyo mimi."

Akainama, magoti yakilia, akapapasa tanga mpaka akaupata mkia mmoja, akausogeza karibu na pua. Akauangalia kwa muda.

"Ulivibadilisha bila kuniambia," akasema.

"Na wewe umekuwa kipofu bila kuniambia."

Nilipandisha sauti, nakubali. Nilikuwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo kabla wala baada. Nilimtajia ugali. Nilimtajia mafunjo. Nilimwambia nimekuwa nikimlilia kimoyomoyo akiwa hai, kila asubuhi nikimwona anaondoka najua ndio basi, leo watamkamata. Yeye akasikiliza yote akiwa bado amechuchumaa. Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini sana, kwa sababu kibanda kilikuwa cha mbao na viatu vya nyapara havikuwa mbali.

Ilianza na ukungu, akasema. Ule wa asubuhi ulipoondoka juu ya maji, wake haukuondoka. Kwanza akapoteza mabaka meusi ya upepo juu ya maji. Kisha sufu ya kijivu. Ndiyo maana akataka nyekundu, kisha pana, kisha ndefu, na kila mara akiviona kidogo, kisha havioni tena. Uzi wa kwenye kamba ulikuwa wa kupapasa, ajue kamba ipi ni ipi bila kutazama. Na asubuhi alikuwa akienda kwenye mafunjo kujifunza. Upepo ukipita kwenye matete una sauti yake, maji yakigusa mizizi yana sauti nyingine, viboko wana mahali pao pa kulala na wanakoroma. Alikuwa akilisoma ziwa zima upya kwa masikio.

"Na ugali?"

"Ugali nilikula. Kwani ulitaka niurudishe?"

Ningecheka kama si hasira. Nikamwuliza kwa nini basi asichukue motaboti akae kitini.

"Tanga linaniambia," akasema. "Upepo ninao shavuni, kamba ninayo mkononi, boti ikilala naisikia kwa makalio. Kiboko akipumua namsikia kabla sijamfikia. Injini ikiwaka nasikia injini tu, basi. Na inakwenda mbio. Nitamuua Bwana, nijiue na mimi. Wao wanafikiri mtu akizeeka atake injini. Mimi nimezeeka, ndiyo maana nataka tanga."

"Ungesema."

"Nikisema, kazi imekwisha kesho. Na cherehani yako itashona nini?"

Nikamweleza maneno ya nyapara. Sasa tulikuwa tumebanwa vizuri. Akikataa injini, polisi. Akisema haoni, nani atamwamini, mtu ambaye saa ile ile Bwana alikuwa akimsifu jinsi alivyoyakata mawimbi? Nyapara angesema anajifanya. Mimi mwenyewe ningesema hivyo. Akikubali injini, viboko.

"Nitaendesha," akasema. "Mara moja, waone. Nitakwenda polepole."

"Nitapanda na wewe."

Hapo ndipo aliposhtuka kweli. Kwetu mwanamke hakanyagi chombo cha mwanamume anayekwenda majini. Mama yangu alikaa ufukweni maisha yake yote na hakuwahi kuugusa mtumbwi wa baba hata ukiwa umeanikwa mchangani. "Utaleta nuksi," akasema, na nikamwuliza ni nuksi gani iliyobaki ambayo hatuna.

Asubuhi hiyo ya mtihani wote walikuwa gatini. Bwana aliketi juu ya sanduku, akasema mgongo wake utangoja kwanza uone kama boti inarukaruka. Nyapara alisimama na mikono nyuma. Nilipoinua gauni nikaingia botini, vibarua walipiga miluzi. Nikamwambia Bwana sijawahi kupanda hata gari dogo, anipe raha hiyo mara moja nisije nikafa bila kuonja. Bwana akacheka, "Haya, Mama nataka safari!" Mume wangu alikuwa amekaza uso na alikuwa akiona aibu, nadhani, kwa ajili ya baba zake.

Nilikaa nyuma yake, nikamshika shati kwa mikono miwili pale kiunoni. Tulikuwa tumekubaliana. Nikivuta kulia, kulia. Kushoto, kushoto. Pande zote mbili, simama. Akavuta kamba na ile injini ikalia kwa kelele ambayo sikuwa nimeitegemea. Nilijaribu kumwambia neno sikioni na mimi mwenyewe sikulisikia. Nikaelewa alichokuwa akikiogopa. Alikuwa amebaki peke yake humo ndani, hana upepo wala kamba, ana vidole vyangu tu.

Tukaenda. Mimi nisiyejua chochote cha majini nilikuwa naendesha motaboti ya mzungu kwa shati. Nikavuta kulia tukalikwepa boya, nikavuta kushoto tukakipita kisiwa kidogo cha mafunjo kilichokuwa kikielea, nikaanza hata kuringa moyoni. Nilipogeuza kichwa kuangalia gatini kama wanatuona, nikafanya kosa. Niliporudisha macho, mbele yetu palikuwa na masikio mawili na pua, na maji yakizunguka. Nikalivuta shati pande zote mbili mpaka likapasuka. Injini ikazimika kwa kishindo, mawimbi yetu wenyewe yakatufikia kutoka nyuma, na kiboko akafungua kinywa chake karibu sana hata nikasikia harufu ya nyasi. Akazama. Hatukujua amezamia upande gani. Tulikaa kimya, na katika kimya hicho mume wangu akawa mtu mzima tena. Akageuza shavu, akasikiliza, akasema, "Anakwenda kushoto. Ngoja." Tukangoja. Kisha akawasha injini na nikamrudisha nyumbani polepole.

Gatini walikuwa wakicheka mpaka nyapara alikuwa anajifuta machozi. Walichoona wao ni mwanamke mwoga aliyemng'ang'ania mumewe kama mtoto mgongoni mpaka akamchania shati. "Mama ameona gari ya raha!" kibarua mmoja akapiga kelele. Bwana alisimama, akampa mume wangu mkono. "Mzuri sana! Kesho mimi na wewe. Mama hapana." Nyapara naye akatikisa kichwa, ameridhika, maana mtu mwenye siri hachukui boti ya kelele. Tulikuwa tumeshinda. Kazi ipo, polisi hakuna. Nilianza tayari kupanga jinsi nitakavyoipata safari ya kesho.

"Bwana," mume wangu akasema. "Mimi sioni."

Kicheko kikakoma.

"Wewe nasema nini?"

"Macho yangu yamekwisha. Huyu ndiye aliyeendesha." Akalinyanyua shati lake kuonyesha lilivyopasuka kulia na kushoto. "Nusura nimwue."

Nyapara ndiye wa kwanza kupata sauti. "Uongo," akasema. "Jana amepeleka tanga kwa upepo ile yote. Anajifanya, Bwana. Kuna kitu anaficha. Na hizo vitambaa nyekundu!"

Nikavitoa mfukoni, nikampa. Sikuona njia nyingine. Nikamwambia, "Chukua. Jana vilikuwa mfukoni mwangu, na yeye akanishukuru kwa kuviona tangani. Mtu atapelekaje ishara ambayo yeye mwenyewe hajui kama ipo?"

Nyapara aliviangalia. Nilikuwa nikimwelewa vizuri sana wakati ule. Alikuwa mtu wa aina yangu, hawezi kulala mpaka ameona kwa macho yake. Alirudi nyuma hatua kadhaa juu ya mbao, viatu vikigonga, akainua kitambaa kimoja juu. "Hii rangi gani?"

"Sikuoni wewe," mume wangu akasema, "nitaona kitambaa? Nakusikia viatu tu."

Basi nyapara akainama, akafungua kamba za viatu, akavivua. Akaviacha palepale, vimesimama viwili juu ya mbao. Akazunguka pekupeku, polepole, mpaka akafika upande wa pili, karibu na Bwana, akasimama. Wote tulimtazama. Mume wangu hakugeuka. Akaendelea kuvieleza vile viatu, kwa heshima kabisa, jinsi ukungu ulivyoanza, kwamba hana ubaya na mtu, kwamba alihitaji tu miaka michache zaidi ya kazi. Aliviomba msamaha. Akavipa na jina la heshima la nyapara.

Sikuweza. Nilikwenda nikamshika bega nikamgeuza. Nyapara alikuwa akiangalia mbao. Kile kitambaa chekundu kilikuwa bado mkononi mwake na alionekana hajui akiweke wapi.

Hatimaye Bwana akauliza, "Kwa nini wewe hapana sema mimi?"

"Na mgongo wako, Bwana," mume wangu akajibu, "uliniambia lini? Si ulinipa usukani, ukasema unanifundisha?"

Bwana aliangalia boti ya tanga, kisha ile nyeupe, kisha akashika kiuno akapanda kwenda nyumbani kwake.

Tuliondoka kwa reli mwisho wa mwezi. Bwana alinipa tanga la zamani nikashonee chochote. Nikalikagua lote nikitafuta kasoro, maana sikuelewa kwa nini anatoa kitu kizuri bure. Halikuwa na tundu lolote ambalo sikulishona mwenyewe. Nyapara alituleta stesheni na mkokoteni wa mizigo, akaipandisha cherehani yangu ndani ya behewa bila kuniuliza swali. Katika kuagana alimshika mume wangu mkono, akamwambia, "Ni mimi." Alikuwa amevaa makubadhi.

Tulipoipita Lanet, abiria wa upande mwingine wakahamia madirishani kwetu, na nikajua ziwa la Nakuru limetokea, na maelfu ya ndege wake wa miguu mirefu. Mume wangu alikuwa amekaa dirishani, uso umegeukia nje, kana kwamba anaona.

"Wale ndege wapo?" akauliza.

"Wapo. Ukingo wote ni mwekundu."

Akanigeuzia sikio. "Una hakika? Au umebadilisha?"

Ningeweza kumkasirikia. Nilistahili kuaminiwa, nilijisemea, baada ya yote yale. Kisha nikakumbuka aliyemfundisha kunishuku ni nani. Nikasogea mpaka bega langu likagusa lake, nikatoa kichwa dirishani, vumbi na moshi vikanipiga machoni, nikatazama tena vizuri, jinsi ambavyo sikuwa nimewahi kutazama kitu kwa ajili ya mtu mwingine.

"Si wote," nikamwambia. "Walio karibu na matope ni wekundu. Walio mbali, majini, ni weupe. Na kuna kundi linaruka sasa hivi, chini ya mabawa ni jeusi."

"Haya," akasema. "Sasa nakuamini. Endelea."